Nani Kama Mama: siku nilivyolazwa leba na ndevu zangu

Kuna maofisa wauguzi wazima kabisa, watu wenye familia na vitambi, mpaka leo wakinipigia simu hawaniiti jina langu, wananiita Nani Kama Mama. Mke wangu siku ya kwanza kuisikia hiyo kwenye spika aliniangalia weee, ikabidi nimkalishe chini nimhadithie, na kwa vile aibu yenyewe imeshatoka nje ngoja niwahadithie na nyie tumalizane.

Ilikuwa 2016, niko mwaka wa pili diploma ya uuguzi, tumepangwa leba kwenye hospitali moja ya mji wa pwani, jina nalihifadhi maana baadhi yao bado wapo kazini na mimi bado nasubiri kupanda daraja. Sasa kama hujasomea unesi huwezi kujua vita ya logibuku. Ni kitabu ambacho kila mama uliyemzalisha unasainiwa, usipofikisha idadi mtihani unausikia kwenye bomba, afu vyuo vitatu vimemwagwa wodi moja, kwa hiyo mama akiguna tu unakuta kazungukwa na wanafunzi sita wameshavaa glovu wanamkodolea macho kama watu wa foleni ya maji. Mchana hupati kitu. Nikaona isiwe tabu, nikaomba mwenyewe shifti ya usiku, na hosteli nikaacha nimetangaza kabisa, "leo narudi na kesi mbili, nyie endeleeni kulala". Hiyo kauli ilikuja kunigharimu.

Siku hiyo asubuhi tulikuwa na tesiti ya famakolojia, somo la madawa. Nilikunywa chai ya rangi na andazi moja saa 1, hela ya mchana ikaishia kwenye kutoa fotokopi za noti, nikasema sio mbaya nalala njaa ipite, jirani yangu akafungulia singeli kuanzia saa 8 mpaka naondoka. Saa 2 usiku nikaripoti, nimenyoosha yunifomu hadi inakata, tumboni hamna kitu, kichwani dozi za magnesiamu salfeti, ile dawa ya kifafa cha mimba.

Manesi wa zamu walikuwa wawili. Wawili bhana, na akina mama wanaosubiri wamelala mzungu wa nne. Kila mama ana partografu yake, yaani karatasi ya kufuatilia uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kila nusu saa, uchungu unahesabiwa kila nusu saa, sasa ukianza na kitanda cha kwanza na fetoskopu yako, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, mpaka ufike cha mwisho, yule wa kwanza nusu saa yake imeshagonga na anakuangalia kwa jicho la "umenisahau mimi". Kufika saa 8 usiku miguu siisikii. Kukaa hukai, kiti cha pale kilikuwa kimoja na kilikuwa kimebeba mafaili.

Saa 9 hivi sista mmoja, mama mtu mzima wa mikoba ile ya kazi, akasema, "Wewe mwanafunzi wa kiume, njoo, mama huyu yuko fuli." Fuli maana yake njia imefunguka sentimita 10, mtoto yuko mlangoni. Jamani furaha niliyokuwa nayo! Nikafunga aproni ya plastiki, nikavaa maski, nikaandaa oksitosini, ile dawa anayochomwa mama mtoto akishatoka ili asivuje damu nyingi, yuniti 10 kwenye sindano nikaiweka kwenye troli kama nilivyofundishwa, nikajisogeza. Kuna binti wa chuo kingine naye akajisogeza, nikamkazia macho, akarudi nyuma hatua moja.

Umeme ukakatika.

Jenereta likawa bado linajifikiria. Sista akaniambia washa tochi ya simu, mulika hapa, usiondoe. Basi nimesimama, mkono wa kulia tochi, mkono wa kushoto yule mama kaukamata kwenye kifundo maana uchungu ulimkolea na mimi ndo nilikuwa karibu. Mama wa watoto wanne tayari, huyu wa tano, ana mshiko wa mtu aliyelima. Feni imezima, joto la pwani mnalijua, ndani ya aproni jasho linatiririka mpaka kwenye soksi, harufu ya klorini inapanda puani, na mimi mtu mzima nimejiambia macho yasitoke pale. Kichwa cha mtoto kikaanza kuonekana. Nikaona nywele. Nikaona pia nyota, kama tatu hivi, na masikio yakaanza kupiga miluzi.

Kuanzia hapo nasimulia kwa kusimuliwa.

Wanasema mwanga ndo ulitangulia kuondoka. Sista kainama anapokea mtoto, ghafla tochi ikahamia ukutani, ikapanda darini ikakaa kaa huko, ikashuka kwenye kalenda, sista anafoka "Tochi! We mtoto tochi iko wapi?", tochi ikaingia uvunguni ikatulia. Tulifundishwa chuoni kwamba Florence Nightingale, yule nesi wa Kiingereza, alizunguka na taa yake usiku kwa majeruhi wa vita ya Crimea miaka ile ya 1850, na nimesoma noti zote, sijaona mahali wameandika alianguka nayo.

Kilichoniokoa kichwa kisipige sakafu ni yule mama. Hakuniachia mkono! Mimi nimelegea nimening'inia pembeni ya kitanda kama nguo ya kuanika, yeye kanishika vilevile, anapiga kelele, "Sista mtoto huyu anaanguka! Mshikeni kwanza mimi nasubiri!" Sista anamwambia mama wewe huna cha kusubiri, sukuma. Akasukuma, huku kaning'iniza. Mtoto akatoka akilia vizuri tu, wa kiume, na yule binti wa chuo kingine ndo akachukua sindano yangu, oksitosini niliyoandaa mimi kwa mikono yangu, akachoma, na kesi akaisaini yeye. Hilo la kesi mpaka leo sijasamehe.

Walivyomaliza na mtoto wakaja kwangu. Sasa sista yule ana utani mkavu, hacheki kabisa. Kuna ile alama ya Apgar ya mtoto mchanga, unaangalia vitu vitano, kila kimoja 0 mpaka 2, dakika ya kwanza na ya tano. Akanipigia mimi. Nafumbua macho nasikia anasoma kwa sauti wodi nzima: "Rangi, amepauka, 0. Mapigo, 58, chini ya 100 hayo, 1. Ukimfinya anakunja uso, 1. Misuli, amelegea, 0. Kupumua, anaguna guna, 1. Jumla 3 kwa 10, andika. Leteni ambubagi." Ambubagi ni ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua vizuri. Akina mama wenye uchungu wao wanacheka, mmoja akaomba wasimchekeshe atazaa kabla hajafika kitandani. Dakika ya tano nilipata 7. Yule mtoto alipata 9.

Kuna mama alikuwa ameshahamishiwa wodi ya wazazi, kitanda chake wazi, wakanilaza pale, miguu wakaipandisha juu ya katoni ya dripu ili damu irudi kichwani. Mama mkwe wa yule mzazi akaingia na chupa ya uji wa pilipili manga wa mkwewe, akanitazama, akasema masikini mtoto wa watu hajala huyu, nikamiminiwa kikombe cha kwanza mimi kabla ya mzazi. Afu akanifunika na khanga yake. Nilivyopata uji na khanga, mimi huyo, usingizi wa mwezi mzima ulinijia usiku ule.

Sasa pale kabatini faili la yule mama aliyehamishwa lilisahaulika, na partografu yake juu.

Saa 2 asubuhi shifti imebadilika, umeme umerudi ila pazia langu limefungwa, dokta intani mpya kabisa, kijana mpole, anapita kitanda kwa kitanda. Anaona faili, anaona mtu kajikunyata kajifunika khanga gubigubi. "Habari ya asubuhi mama, mtoto anacheza?" Mimi usingizini nadhani ni jamaa yangu wa hosteli, nikaguna "mmh". Nikasikia kitu cha baridi tumboni juu ya khanga. Kimya. Kikasogezwa kushoto. Kimya. Kikasogezwa chini. Tumbo langu na ule uji likanguruma. Dokta sauti ikaanza kutetemeka, "Sista, hapa sipati mapigo kabisa, naomba mtu wa pili asikilize, na waambieni thieta wajiandae."

Neno thieta, yaani chumba cha upasuaji, ndo liliniamsha. Nikafunua khanga nikakaa.

Ana haki yule kaka kuangusha fetoskopu. Fikiria unatafuta moyo wa kichanga, inaibuka midevu. Sista wa asubuhi yeye alisoma maandishi ya khanga kwanza, kwa sauti, herufi kubwa kifuani kwangu: NANI KAMA MAMA. Jina likapatikana hapohapo, saa 4 lilikuwa limeshafika hosteli, saa 6 walimu wanalijua.

Sista in-chaji akaniita ofisini. Nikaingia nimeshapanga maneno ya kuomba msamaha, shikamoo ikatoka mara mbili. Hakugomba. Aliniuliza tu jana umekula nini, nikamwambia andazi, akatingisha kichwa. Kavua viatu chini ya meza, miguu imevimba, kafunga bandeji ya kubana mpaka magotini. Akaniuliza ule uji uliopewa uliisha? Nikasema umebaki kidogo kwenye chupa. "Lete." Akaunywa wote amesimama, akafuta mdomo, akavaa viatu, akaomba logibuku langu. Mahali pa maoni akaandika: "Ameshuhudia mpaka kichwa. Mwili hakuuona." Akagonga muhuri.

Mchana nikaenda wodi ya wazazi kurudisha khanga. Mama mkwe akakataa, akasema baki nayo, utazimia tena. Yule mzazi akaniita karibu, akanionesha mtoto, mzuri kweli, akaniuliza, "Eti mwanangu, wewe jina lako nani?" Moyo ukanilainika, nikajua hapa napewa wajina, nikamtajia majina yote matatu, polepole, asije akakosea kliniki.

"Ahsante," akasema, "nilitaka tu kujua nisije nikampa kwa bahati mbaya."