Friji Langu, Kichwa cha Mama Mkwe

Mimi nimekulia jirani na Hale, kule Tanga. Mtambo wa maji pale Mto Pangani unafua umeme tangu 1964, megawati 21, na umeme wenyewe ulikuwa ukipita juu ya makuti yetu kwenda Dar es Salaam bila hata hodi. Sisi huku chini kibatari, asubuhi unapenga kamasi nyeusi. Tukiuliza ule waya, marehemu mama anasema: "Ule una wenyewe."

Haya, wenyewe tukawa sisi. Nguzo za REA, wale wakala wa nishati vijijini, zikafika, nikalipa shilingi 27,000 yangu, nikafungiwa LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kosa langu likawa kununua friji.

Mwaka wa pili huu sijanywa maji baridi nyumbani kwangu. Juu mmejaa barafu za ubuyu za mke wangu, mia mia. Katikati kuna samaki changu wa jirani, kafungwa utepe wa kanga nyekundu asichanganywe na changu wa jirani mwingine, mwenye utepe wa kijani. Chini kabisa kuna kichwa cha nguru cha mama mkwe. Wiki ya tatu hii. Nani wa kumwambia mkwe aje atoe kichwa chake?

Nikigusa tu mlango: "Baba Mwajuma, unatoa baridi!"

Simu nazo. Zamani tulikwenda kuchaji sokoni kwa hela. Siku hizi zinalala sebuleni kwangu, jana nimehesabu kumi na moja. Mwenye simu anakoroma kwake, ikiita saa nane usiku naamka mimi: "Mwenyewe hayupo."

Na tuko kwenye ile bei nafuu, uniti moja shilingi mia na ushee, ilimradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Sasa nani kawaambia wale changu?

Jana saa tatu usiku LUKU ikalia, ikalia, giza. Tokeni ninayo kwenye simu, tarakimu 20, ila simu yangu ndiyo pekee haikupata nafasi ya kuchaji, nayo ikazima. Bahati mtoto alikuwa ameshazinakili kwenye daftari. Mke wangu akaibuka na kibatari, kina utambi mpya kabisa! Nasoma kwa mwanga ule, sijui tatu, sijui nane. Nikakosea. Nikarudia, nikakosea tena. Mara ya tatu, paa! Kukawaka, friji likaguna.

Sijakaa, mlangoni:

"Hodi! Shemeji, umeme umerudi? Basi nipokee na huyu tasi."