Asali na shira hazitofautiani kama tunavyodhani

Hapa Tanga si ajabu kumsikia mtu aliyeambiwa na daktari apunguze sukari akieleza kwamba siku hizi chai yake anaitia asali, kwa kuwa asali ni dawa na sukari nyeupe ndiyo yenye madhara. Asali naithamini sana, lakini kwa mgonjwa wa kisukari hoja hiyo ni ya hatari, na anayetaka kujua sababu aitazame sufuria ya shira.

Mpishi wa kaimati huchemsha sukari na maji, akatia iliki, kisha akakamulia ndimu ili shira isigande na kufanya chenga. Kila molekuli ya sukari ya mezani, yaani sukrosi, ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikamana. Asidi ya ndimu, ikisaidiwa na moto, huzitenganisha baadhi yake, na kwa kuwa molekuli zilizochanganyika hazijipangi kwa urahisi zikawa fuwele, shira hubaki laini, ikivutika uzi mwembamba kati ya kidole gumba na cha shahada.

Nyuki naye huitenda kazi iyo hiyo bila moto, kwani mbochi wa maua una sukrosi ambayo yeye huivunja kwa kimeng'enya kinachotoka mwilini mwake. Ukiondoa maji, ambayo kwa kawaida hayafiki sehemu ya tano ya uzito wake, asali karibu yote ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Madini na vitamini zinazosifiwa sana ni kidogo mno. Hata sukari ya kopo, ikifika katika utumbo mwembamba, huvunjwa vivyo hivyo kabla ya kuingia katika damu.

Tena asali ni nzito: kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 6 za sukari, ilhali kijiko hicho hicho cha sukari nyeupe hubeba takriban gramu 4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu asali, pamoja na juisi za matunda, katika sukari zinazopaswa kubaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku.

Kwa hiyo naomba wahudumu wa afya, wanapomwambia mgonjwa apunguze sukari, wazitaje waziwazi asali, sukari guru na juisi ya miwa, kisha wamweleze kiasi cha kila kimoja kwa vijiko na glasi anazotumia nyumbani kwake.