Terminator 2 haijachuja, na si kwa sababu ya kompyuta

Terminator 2 ya James Cameron, filamu ya mashine zenye sura ya mtu zilizotumwa kutoka siku zijazo, moja kumuua mtoto na nyingine kumlinda, ilitoka Marekani Julai 1991. Ukienda leo kwa wanaouza muvi Mwanjelwa, Mbeya, ukataka uwekewe kwenye flashi, hutaulizwa mara mbili ni ipi hiyo. Vijana wengi wa rika la chuo hawaelewi kwa nini. Hoja yao ni kwamba kaka zao na baba zao wanaipenda kwa sababu ndiyo waliyoikuta kwenye mabanda ya video wakiwa wadogo. Wangekuta nyingine, wangeipenda hiyo hiyo. Tena wanasema yule adui anayetiririka kama zebaki ya wachimbaji wa Chunya, aliyewatoa watu macho enzi hizo, siku hizi si ajabu kwa mtu aliyezoea michezo ya kompyuta.

Kuna ukweli hapo, na hauwezi kufunikwa. Banda lilikuwa raha yenyewe. Mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, watu wamebanana wakati nje baridi ya Juni imekaza, na sauti ya mtafsiri wa mtindo wa Lufufu, yule aliyekuwa akizisimulia muvi kwa Kiswahili, ikijaza maneno hata pale wahusika walipofunga midomo. Kwetu Mbeya kulikuwa na la zaidi: hii ni sinema ya malori. Aliyekulia kando ya barabara ya Tunduma anajua lori lililokosa breki kwenye mteremko wa Iwambi linavyoshuka. Hakuhitaji mtafsiri kuelewa hali ya mtoto aliye juu ya kipikipiki ndani ya mfereji wa zege, lori limemshika mgongoni. Watu walisimama kwenye mabenchi.

Lakini kumbukumbu haitoshi kueleza jambo lote. Mabanda hayo hayo yalionyesha makomando wasiohesabika, na wengi wao leo hata majina hatuyakumbuki. Kwa nini huyu abaki?

Ndipo wanaporudi kwenye kompyuta: mlipumbazwa na ufundi mpya. Hapa naomba tukae kidogo. Filamu ina urefu wa dakika 137. Picha za yule adui zilizotengenezwa kwa kompyuta, ukizikusanya zote, ni kama dakika tano. Dakika tano! Zaidi ya saa mbili zinazobaki ni kazi ya mikono: masanamu ya chuma ya karakana ya Stan Winston, vipodozi, magari ya kweli, helikopta ya kweli iliyopitishwa chini ya daraja. Palipohitajika mama yule yule aonekane mara mbili kwenye picha moja, aliletwa pacha wa kweli wa Linda Hamilton, aliyecheza mama wa yule mtoto. Na mtisho wenyewe wa adui, kwa sehemu kubwa, ni mwembamba mmoja aliyevaa sare za polisi, Robert Patrick, anayekimbia bila kuhema na bila kubadilisha uso. Hakuna kompyuta iliyomkimbiza.

Sasa weka pembeni ya dakika hizo tano matoleo yaliyofuata, ya 2003, 2009, 2015 na 2019. Kompyuta imetumika humo kuliko 1991, tena kompyuta bora. Kama sisi ni watu wa kupumbazwa na ufundi, hayo ndiyo yangetupumbaza zaidi. Muulize mpenzi yeyote wa muvi akusimulie tukio moja tu la toleo la 2015, uone atakavyobabaika. La 1991 atakusimulia mpaka umkatishe.

Kilichobaki, kwa maoni yangu, ni jinsi filamu ilivyovunja sheria ambayo kila mtoto wa banda aliijua: steling, yaani shujaa wa filamu, hauawi, na adui ni adui mpaka mwisho. Kwenye filamu ya kwanza ya 1984, Arnold Schwarzenegger ndiye aliyekuja kumuua mama. Safari hii uso ule ule unakuja kumlinda mtoto, na mama hawezi kumwamini. Mtoto ndiye anayelifundisha lile lichuma kwamba watu hawauawi ovyo. Halafu, adui ameshamalizwa na kila mtu anasubiri kushangilia, steling anaomba ateremshwe kwenye chuma kilichoyeyushwa, maana chipu iliyo kichwani mwake ndiyo ya mwisho. Kujiua haruhusiwi. Anayebonyeza kitufe ni yule mama aliyemchukia.

Wapo wanaoipinga kwa sababu nzito zaidi. Filamu inayomfanya mtoto akataze kuua inauza bunduki kila baada ya dakika chache, na steling anapopiga watu risasi za magoti tunatakiwa kuuita huo ni huruma. Mzazi aliyemkataza mwanawe kwenda bandani hakuwa mshamba, alikuwa na haki yake.

Wengine, hasa wanaofundisha mambo ya kompyuta, wanasema imetupotosha kuhusu akili mnemba: tunangoja jitu la chuma lenye macho mekundu wakati shida iliyo mlangoni ni picha za uongo, kazi za darasani zinazoandikwa na mashine, na ajira. Kuhusu lile jitu nakubaliana nao. Vita ambayo filamu iliitabiria tarehe 29 Agosti 1997 haikutokea.

Ila wanamsahau Miles Dyson. Huyu, aliyechezwa na Joe Morton, ndiye mhandisi ambaye kazi yake ingezaa mashine za kuangamiza watu, na filamu haikumpa hata chembe ya uovu. Ni baba mweusi mwenye mke na watoto, yuko nyumbani usiku anafanya kazi anayoipenda. Mama anakuja kumuua. Risasi ya kwanza inamkosa kwa sababu kigari cha kuchezea cha mwanawe kimemgonga mguu naye akainama. Mama anaingia ndani, bunduki mkononi, na mtoto anajitupa juu ya baba yake akilia asiuawe. Wakati ule mama ndiye aliyekuwa mashine, na anaporomoka ukutani akilia alipoligundua hilo. Dyson naye akishaelezwa kazi yake itakapofika, halalamiki kwamba anahukumiwa kwa ambalo hajalitenda, au analalamika kidogo tu. Anakwenda nao kuilipua maabara yake, na anafia humo.

Hatari inayotoka kwa mtu mwema aliye kazini, asiyeuliza kitu hiki kitatumiwa na nani, ndiyo hasa ya akili mnemba ya leo, na filamu iliiona mwaka 1991. Kijana anayesoma kompyuta pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, akiiangalia upya, aanzie nyumbani kwa Dyson. Malori anaweza kuyarusha.