Shemeji, Kabureta Mbili na Sikio la Kulia

Shemeji yangu hajasomea ufundi, ila ana spana nyingi kuliko waliosomea. Mke wangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, anasema aliwahi kuwatengenezea pasi nyumbani kwao, na tangu siku hiyo familia nzima ikawa inavaa nguo zenye makunyanzi kwa moyo mkunjufu.

Gari langu ni Volkswagen 1600 ya mwaka 1970, lile ambalo injini yake imelala nyuma, chini ya sakafu ya buti. Kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, halina. Lina nozo nne za kunyunyizia petroli, zinazoamrishwa na kompyuta, mfumo wa Bosch uitwao D-Jetronic ulioingia sokoni mwaka 1967. Ndiyo, kompyuta, kwenye gari la zama zile! Ni sanduku la bati tu. Linapima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, linauliza injini imepata joto kiasi gani, kisha linaamua nozo zifunguke kwa muda gani. Volvo, Porsche, Citroën na Mercedes nazo zilifungiwa mfumo huo kwenye baadhi ya magari yao. Kwa hiyo nilikuwa natamba, sikatai.

Basi gari likaanza ulevi. Asubuhi linawaka bila tatizo, likishapata moto linatapika moshi mweusi, halitulii likiwa limesimama, linazima njiani. Ukichomoa plagi unakuta nyeusi tii, zinanuka petroli. Shemeji akainusa moja, akafumba macho kama mganga, akatoa hukumu.

"Shemeji, hiyo ni kompyuta. Toa huo uchawi, tuweke kabureta. Kabureta haina waya. Unaiona kwa macho, unaigusa kwa bisibisi, inatii."

"Shemeji, tumngoje fundi umeme apime kwanza."

"Apime nini? Moshi si unaonekana?"

Tuwe wakweli, si kila alichosema kilikuwa upuuzi. Kile kipima mgandamizo kikifa, kupata kingine kizima ni shughuli, na mafundi wengi wakiona nozo kwenye gari la umri ule wanakumbuka ghafla kwamba wana msiba. Kabureta hata ukwame porini utaifungua, utapuliza jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, utaendelea na safari. Lakini niliyataka magonjwa yajulikane kabla ya mgonjwa kukatwa mguu. Nikamwambia asiguse kitu, nikasafiri kikazi.

Niliporudi, nozo zangu zote zilikuwa zimelala kwenye beseni la kufulia. Juu ya injini zimekaa kabureta mbili za mtumba, moja kila upande, zimeunganishwa kwa fimbo ambayo naapa niliwahi kuiona ikishikilia pazia.

"Karibu nyumbani," akasema shemeji. "Nimekusubiri wewe uwashe."

Nikamuuliza pampu ya mafuta ameipata wapi. Akacheka. "Ile ile! Pampu nzima, ina nguvu, ya nini kuitupa?"

Hapa ndipo penye kisa chote. Pampu ya nozo inasukuma petroli kwa mgandamizo wa takriban baa 2, na isiyotumika inarudishwa tanki kwa bomba lake la pili. Kabureta inataka baa 0.2 au 0.3 tu. Ndani yake kuna boya dogo linaloinua sindano na kuziba njia ya petroli bakuli likijaa, na hilo boya halikuumbwa kupigana mieleka. Bomba la kurudishia, shemeji alikuwa ameliziba kwa bolti, kwa maelezo kwamba "halina kazi". Tena zamani kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiiruhusu pampu kufanya kazi. Ukifungua swichi bila kupiga stata, inavuma kidogo halafu inanyamaza. Yeye aliiunga moja kwa moja kwenye swichi, ili, kwa maneno yake, isisumbuliwe.

Mke wangu, bila kuambiwa na mtu, akaingia ndani akatoka na mtungi wa kuzimia moto.

"Dada, huniamini?"

"Nakuamini, kaka. Endelea."

Shemeji akainama juu ya kabureta ya kushoto na kutega sikio, maana fundi wa kweli, anasema, anasikiliza. Nikafungua swichi. Stata sikuwahi kuigusa. Pampu ikavuma, kabureta ikakoroma, petroli ikaruka juu na kuingia moja kwa moja kwenye sikio lake la kulia.

"Zima! Zima! ZIMA!"

Nikazima. Akawa anarukaruka uani kwa mguu mmoja, kichwa amekilaza upande, huku dada yake akimfuata nyuma na mtungi, ameshachomoa pini, hajui anyunyizie gari au kaka. Tukalisukuma gari pembeni, tukakaa mbali hadi mvuke uishe. Shemeji akaenda kuoga. Akarudi ananuka petroli. Akaoga tena.

Fundi umeme alipokuja alikuta injini yenye kabureta mbili, beseni la nozo na bwana mmoja anayejibu "Eeh?" kwa kila swali. Akatoa mita yake, akapima kihisi joto cha kichwa cha injini: ukinzani wa umeme wa omu 2,500 hivi, sawa kabisa kwa injini iliyopoa. Akapima waya wake. Umekatika ndani ya gamba, kwa nje huoni kitu. Kumbe kompyuta haikuwa na kosa lolote. Bila ule waya, ilidhani injini imezikwa kwenye theluji, ikawa inaimwagia petroli ili ipate moto, na hata ilipopata moto iliendelea kuihurumia vile vile.

Nozo zikarudi, mipira ya petroli ikafungwa mipya, waya ukabadilishwa. Gari likawaka, likapata moto, likatulia.

Shemeji sasa ndiye mhubiri mkuu wa nozo. Juzi kanipigia simu mtu mmoja mwenye gari la zamani la kabureta, lisilo na tatizo lolote, ananiuliza kama ni kweli shemeji yangu ni mtaalamu wa kufunga kompyuta. Nikamwomba alifungie gari ndani na funguo akae nazo mwenyewe.

"Amechelewa kupiga simu," akasema mke wangu. "Kaka ameshaondoka na spana zake."