Mwenye MS msimnyang'anye mbuzi ya nazi

Naomba niliseme hili wazi maana naona linaumiza watu huku kwetu kusini mwa Tanzania bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Mtu akishaambiwa ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, miguu ikaanza kulegea na mwili kuyumba, kazi ya kwanza ya ndugu ni kumkalisha. Kaa hapo mwanangu, usiinuke, maji tutachota, nazi tutakuna, wewe pumzika tu. Wanafanya kwa upendo kabisa, nawajua, ni watu wangu. Ila kwa mgonjwa wa MS kukalishwa kutwa nzima kunamalizia nguvu ile ile ndogo ambayo ugonjwa ulikuwa umeibakiza.

Mi mwenyewe nina MS, yani multipo sklerosisi. Kwa ambao hawajawahi kuisikia, na huku ni wengi maana ugonjwa huu nchi za joto ni adimu kuliko Ulaya ya kaskazini au Kanada, ni hivi: kinga ya mwili, ile inayotakiwa ipigane na vijidudu, inageuka na kushambulia utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo, utando ukishaharibika taarifa za kutoka kichwani kwenda mguuni zinachelewa au hazifiki kabisa. Hauambukizi. Wanawake tunaupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume na mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40, umri ambao mtu ana watoto wadogo na shamba la kuhudumia. Kuuthibitisha kunataka kipimo cha MRI, ile mashine kubwa inayopiga picha ya ndani ya mwili, na daktari anayeijua mishipa ya fahamu, kwa hiyo mtu wa Tandahimba au Nachingwea anaweza kuzunguka sana akiambiwa leo presha kesho mgongo, na mtaani wameshamaliza kwamba karogwa.

Dawa zipo, na 2023 WHO, shirika la afya duniani, iliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, rituximabu ikiwemo, nilifurahi sana maana orodha ile ndo nchi nyingi zinaitazama zikipanga dawa za kununua. Lakini kazi kubwa ya dawa hizo ni kuzuia mashambulizi mapya. Mguu ambao umeshalegea haurudishwi na sindano, unarudishwa, kwa kiasi kile unachoweza kurudi, na mazoezi tiba, na hapa ndo nataka tukae tuongee vizuri.

Hili la "pumzika" halikuanzia kwa mashangazi zetu. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliona wagonjwa wa MS wakijitumikisha mwili macho yao yanaingia ukungu, akahusisha na ile shughuli yenyewe. Baadaye sana ndo ikaeleweka kwamba tatizo ni joto, mwili ukipata joto mishipa iliyochubuka inapitisha taarifa kwa shida zaidi, mwili ukipoa hali inarudi kama mwanzo na hakuna kilichoharibika. Ila miaka yote hiyo wagonjwa waliambiwa wasijichoshe, na joto hilo hilo likatumika hata kama kipimo, mtu anaingizwa kwenye maji ya moto waone kama atalegea. Mpaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani wakatoa utafiti wa wagonjwa wa MS waliofanya mazoezi ya pumzi na mwili kwa wiki 15, wakaonekana wameongezeka nguvu na pumzi na hata moyo wao kuchangamka, wala ugonjwa haukuchochewa. Tangu hapo utafiti umeongezeka na leo mazoezi ni sehemu ya matibabu ya MS. Taarifa ndo haijafika Chikongola, mtaani kwetu huku Mtwara.

Sasa tuongelee kuyumba. Ili mtu asimame wima bila kushika kitu ubongo unategemea vitu vitatu, macho, sikio la ndani, na hisia inayotoka kwenye nyayo na viungo ikisema mguu uko wapi. MS inaweza kugusa vyote vitatu, ila wengi wetu hisia ya nyayo inapungua, kwa hiyo bila kujua unakuwa unasimama kwa kutumia macho. Mchana unaonekana mzima. Alafu umeme unakatika saa mbili usiku ukiwa katikati ya sebule, na hapo hapo mwili unaenda pembeni kama umesukumwa, watu wanasema ameanza tena. Fizio wangu, yani mtaalamu wa mazoezi tiba, alinisimamisha miguu pamoja, mikono kifuani, akasema funga macho, yeye kasimama karibu kabisa mikono iko tayari kunidaka. Nilienda kushoto mara moja. Akaniambia basi tujue tochi inakaa pembeni ya mto kila usiku, na nyayo zako tunaanza kuzifundisha upya.

Kuzifundisha upya ndo kazi yenyewe na haina maajabu. Unasimama kwenye kona ya chumba, ukuta nyuma na ukuta pembeni, kiti mbele, unakaribisha miguu kidogo kidogo, unageuza shingo kushoto na kulia huku umesimama, siku nyingine mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kinagusa kidole, ukishaweza unasimama juu ya godoro lililokunjwa. Unahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Unanyanyua visigino. Kwa misuli inayokaza, ile ya nyuma ya mguu chini ya goti ambayo asubuhi inagoma kama haijawahi kutumika, unaegemea ukuta, kisigino kimebana chini, unavuta taratibu na kukaa hapo nusu dakika bila kurusharusha. Vitu vyenyewe ni hivyo. Ukiviangalia vinaonekana vya kitoto na ndo maana ndugu wanaona sio tiba, tiba kwao ni chupa na sindano.

Na hapo ndo inakuja mbuzi ya nazi. Fizio alipoanza kunihudumia hakuniuliza kwanza nina maumivu gani, aliniuliza unaanguka wapi na saa ngapi, alafu nyumbani unafanya kazi gani. Nikamtajia, kufagia, kupika, kukuna nazi. Akanishika hapo kwenye nazi. Mbuzi iko chini, ukikaa magoti yanapanda juu kuliko nyonga, ili uinuke lazima uvute nyayo nyuma, uinamishe kifua mbele mpaka pua ipite magoti, usukume kwa mapaja, alafu ukishasimama mwili utulie kwanza kabla hujapiga hatua. Akasema wewe una zoezi zuri nyumbani kwako kuliko kifaa changu chochote hapa. Tukaanza na kiti kirefu cha mezani, kuinuka na kukaa bila kushika, kukaa ndo taratibu zaidi kuliko kuinuka, tukashuka kwenye kiti kifupi, kigoda, mwisho mbuzi yenyewe.

Nyumbani mama mkubwa alikuwa ameshaificha.

"Mama mkubwa naomba mbuzi nikune mwenyewe."

"Utaanguka mwanangu, unga wa ugali nimeshachekecha, wewe kaa."

"Nikianguka naangukia mkekani, na wewe uko hapa."

Alinipa lakini alisimama juu yangu mpaka nikamaliza, mkono wake uko nusu inchi kutoka bega langu, hanigusi. Kwangu mimi huo ndo uuguzi! Mkono uwe karibu, kazi iwe yangu. Nazi nusu nilikuna, nusu akamalizia yeye, maana uchovu wa MS nao ni kitu kingine, sio uchovu wa kutoka shamba, unakuja kama pazia na ukiupuuza kesho yake hunyanyuki. Kwa hiyo unaacha kabla mguu haujaanza kutetemeka, unakaa, unarudi tena baadae. Dakika chache mara kadhaa kwa siku zinashinda saa zima la kujikomoa.

Ndala naomba nizisemee pia maana zinaangusha watu. Mguu wa MS mara nyingi unaanguka mbele, yani kifundo hakipandi vizuri na kidole gumba kinakwaruza chini, ukiangalia ndala ya mguu wangu mbaya utakuta mbele imelika na nyingine nzima. Ndala inataka vidole viikamate muda wote, sasa hivyo vidole ndo havipokei taarifa. Vaa sandozi yenye mkanda wa nyuma au raba. Kama kifundo kimelegea sana kuna kishikizo cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kinanyanyua mguu, mafundi wa viungo bandia wanakitengeneza kwa kipimo chako, na chuo cha kuwafundisha mafundi hao kipo hapa hapa nchini, pale KCMC Moshi. Fimbo nayo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, sio upande wa mguu mbaya kama wengi wanavyofanya.

Joto letu ndo mtihani wa kweli. Mwezi wa kumi na moja huku Mtwara hata mzima anatafuta kivuli, na ndo korosho bado ziko chini zinasubiri kuokotwa, kazi ya kuinama na kuinuka mchanga mtupu chini ya miguu. Siwezi kumwambia mkulima aache korosho, hiyo ni ada ya watoto. Namwambia aokote alfajiri, aoge maji ya baridi kabla, aloweshe kanga aifunge shingoni, jua likipanda aende kubangua kivulini amekaa. Mazoezi vile vile, baada ya sala ya alfajiri, sio saa nane mchana chini ya bati. Mguu ukilegea kwa joto usiogope kwamba umepooza, ingia kivulini, jimwagie maji, subiri. Ila ukipoa na bado haujarudi siku nzima na zaidi, hapo nenda hospitali, inaweza kuwa shambulio jipya.

Na bahari tunayo bure. Pale ufukweni Shangani, Mtwara, asubuhi maji yametulia, ukiingia mpaka kiunoni mwili unakuwa mwepesi, maji yanakushikilia pande zote, na joto la mazoezi yanalichukua. Unatembea tu, mbele, nyuma, ubavu ubavu. Usiende peke yako hata siku moja, mtu awe ameshika mkono wako kuanzia mchangani, maana pale wimbi linaporudi na kuvuta mchanga chini ya nyayo ndo panaangusha.

Ninachokidai kwa wakubwa ni hiki. MRI tuwaachie hospitali kubwa, sawa, mashine ni ya mabilioni. Lakini kupima mtu anavyoweza kusimama bila kuyumba hakuhitaji mashine. Kuna kipimo cha Berg, vipengele 14, alama 56, kinataka kiti, saa, rula na kigoda. Kuna kingine unainuka kitini, unatembea mita 3, unageuka, unarudi unakaa, simu inahesabu sekunde. Hospitali ya wilaya ikiwa na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia anayevijua hivi, mtu wa Newala hana haja ya kupanda basi mpaka hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, kila wiki, safari ambayo yenyewe inamrudisha nyuma kwa joto na uchovu kuliko faida aliyoifuata. Sheria ya bima ya afya kwa wote Bunge limepitisha 2023, na mimi nataka mazoezi tiba yahesabiwe humo kama dawa inavyohesabiwa, na fizio kuja nyumbani kuhesabike pia, maana choo cha kuchuchumaa, kizingiti cha mlango na mchanga wa uani viko nyumbani, haviko hospitali.

Mwenye mgonjwa ukimpeleka kliniki usitoke na karatasi ya dawa peke yake. Omba rufaa ya fizio, hata kama bado anatembea vizuri, tena hasa kama bado anatembea vizuri. Ingia nae chumbani uangalie mazoezi yanavyofanywa, omba kurekodi kwa simu, uliza mkono wako ukae wapi akiwa anainuka, na umtajie fizio kazi zote alizokuwa anafanya nyumbani kabla ya kuumwa.