Wafu Wetu Wanajadiliwa kwa Kijerumani

Juzi nilimkuta jirani yangu hapa Berlin, mama wa makamo, amepiga magoti kando ya barabara, kitambaa mkononi, anasugua kibamba cha shaba kilichopachikwa kati ya mawe. Kina jina la Myahudi aliyeishi kwenye jengo letu, mwaka aliozaliwa, mwaka aliochukuliwa, na neno Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Vibamba vya namna hii vimeshapita 100,000 Ulaya nzima. Nilifurahi kumwona, na papo hapo nikapandwa na hasira.

Hasira yenyewe ni ya kwetu, Tanzania. Vita vya Maji Maji, watu wa kusini walipopigana na utawala wa Kijerumani, 1905 hadi 1907: wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa walifika 300,000, wengi kwa njaa, baada ya jeshi la Gavana Götzen kuchoma mashamba na maghala. Shuleni sote tulikariri Kinjikitile, mganga aliyesema dawa yake ya maji ingezuia risasi, na sababu za kushindwa. Mtihani ukiisha, habari imekwisha. Mwombe mtu aliyemaliza kidato cha nne akutajie watano tu waliokufa vitani, uone.

Najua mnachosema: kafika Ulaya, kaanza kutufundisha. Ndugu zangu, sijasema Wajerumani ni malaika. Wenzangu kazini wengi hawajui hata kama nchi yao ilitutawala. Rais wao Steinmeier alikwenda Songea kuomba msamaha Novemba 2023, zaidi ya karne baadaye, na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, bado ulikuwa unadai kichwa chake.

Wala sijasema kwetu hawakumbuki. Songea wanakumbuka kila Februari 27, siku waliponyongwa viongozi wa Wangoni mwaka 1906, akiwemo mwanamke, Mkomanile. Wapo wazee kule wanaotaja majina ya babu zao bila kushika karatasi, nami kwa hilo natembea kifua mbele. Lakini ukishatoka Songea, nani anayataja?

Kinachoniuma ni kwamba wafu hawa wanajadiliwa kwa lugha ambazo vitukuu vyao havisomi. Mafaili ya serikali ya Kijerumani yako palepale Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, kwa Kijerumani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu walikwenda vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960 kuwasikiliza wazee walioiona vita ile kwa macho. Yaliyokusanywa yakatolewa kwa Kiingereza. Huku Berlin, barabara iliyopewa jina kwa heshima ya Carl Peters, aliyeanzisha ukoloni wa Kijerumani kwetu, ilibadilishwa jina Agosti 2024, na kipande chake sasa ni Maji-Maji-Allee. Wakazi walibishana miaka na miaka, wakafikishana mahakamani. Walibishana juu ya watu wa Umatumbi na Ungoni, na huko Umatumbi hakuna aliyeusikia ubishi huo kwa lugha yake.

Shangazi yangu kaniambia kwenye simu: mwanangu, watu huku wanawaza ada na umeme, wewe unawaza wafu wa 1906. Shangazi, nakuheshimu, ila umeme haujawahi kumzuia mtu kutafsiri. Wanaojua Kijerumani tunao, wengine wanawaongoza watalii Kilimanjaro kila siku. Wapewe faili moja tu la Songea, walipwe haki yao, waanze na majina.