Mjomba anaenda, gari linarudi

Kwa wale wa Mikindani mnaolijua lile Volkswagen la mjomba wangu, hizi za kizamani za mgongo wa kobe, lililokaa chini ya mkorosho mpaka watoto wakawa wanalitumia kujifichia, leo naomba niseme ilivyokuwa siku ile ya kumtoa mwali, yani kijana wetu aliyekuwa jandoni, maana kila mtu anasimulia vyake na wengine wanasema eti mjomba alikunywa. Mjomba hanywi jamani. Tatizo lilikuwa giaboksi.

Mwaka ule korosho zilipata bei nzuri mnadani, hela ikaingia, mjomba akasimama mbele ya ukoo mzima akatangaza kwamba mpwa wake mdogo akitoka jandoni Desemba atarudishwa nyumbani kwa gari la mjomba wake, hapandi bodaboda mtu. Na kwetu huku mjomba akishasema neno juu ya mpwa wake limepita hilo, baba mzazi mwenyewe anakaa pembeni anachezea simu. Sa gari lenyewe lilikuwa na gia mbili tu zinazoingia na moja kati ya hizo inachomoka ukipita kwenye shimo.

Giaboksi nyingine ikaagizwa Dar, kule mtaa wa Gerezani kwenye spea, ikaja kwa basi ndani ya kiroba. Ilipofika kazi haikuanza, kwa sababu kwenye siti ya nyuma kulikuwa na kuku anaatamia na mke wa mjomba akasema gari haliguswi mpaka aangue. Mjomba akamwambia mama we hilo ni gari. Akajibiwa "hilo banda, gari lilikuwa zamani." Kuku anaangua siku 21, huwezi kumwambia afanye haraka, basi fundi akawa anapita kila jioni anachungulia kioo anauliza vipi, bado? Anajibiwa bado. Anaondoka.

Kuku kaangua, kazi ikaanza. Na nimtendee haki fundi, kufungua anajua. Volkswagen zile injini iko nyuma na giaboksi iko mbele ya injini, chini ya ile siti ya kuku, kwa hiyo ukiitaka giaboksi lazima kwanza ushushe injini, lakini injini yenyewe imeshikwa na bolti nne tu za spana 17, unaweka jeki chini, unachomoa, inashuka. Alimaliza chai yake ikiwa bado ya moto. Kisha kile kizibo cha kumwagia oili ya gia kina tundu la pembe sita la 17, hiyo L-key kubwa hamna mtu anayo mtaa mzima, fundi akachukua bolti ya kichwa cha 17, akaikaza nati mbili zigandane, akakitumbukiza kile kichwa kwenye tundu, akazungusha nati na spana ya kawaida, kizibo hicho kikatoka. Watu wakapiga makofi. Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kumuuliza fundi swali lolote, na mi kazi yangu ilikuwa kushika tochi tu, nikaishika.

Sa ile giaboksi ya Gerezani ilikuwa na gia nzuri ila difu lake, ile sehemu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, meno yameliwa. Letu gia zimekufa ila difu zima. Fundi akasema hamna shida, tunachanganya. Akazifungua zote mbili juu ya gunia, akachanganya.

Siku ya sherehe asubuhi ndo tukawa tunafunga injini, ngoma tunazisikia huko zimeshaanza. Fundi akasema mzee washa. Likawaka! Vigelegele. Mjomba kavaa kanzu mpya na koti, akaweka namba moja, akaachia klachi, gari likarudi nyuma likabomoa banda jipya la kuku.

Mke wa mjomba akaangalia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mjomba akasema nimekosea gia, muda mrefu sijaendesha. Akaweka mbili. Nyuma, tena kwa kasi zaidi. Akaweka tatu, sote tukaruka. Mwisho akaweka riva, na gari likaenda mbele taratibu kwa adabu. Kimya. Fundi akafuta mikono na kitambaa, akasema, "Gia zipo zote, mzee."

Tulijaribu kwenda kwa ile moja ya mbele, wallahi tulijaribu, injini inalia mpaka watu wanatoka nje na sisi bado hatujafika hata kwenye mbuyu, bibi mmoja mwenye ndoo kichwani akatupita akatusalimia. Mjomba akasimamisha. Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo nyuma ziko nne?" Nikamwambia naam mjomba. "Basi nyuma ndo mbele, geuka hapo uniangalizie njia."

Nikapiga magoti kwenye siti ya nyuma, naangalia kile kioo kidogo, mjomba yeye uso kaelekeza Lindi na gari linakwenda Mtwara. Nikisema kushoto anauliza kushoto yako au yangu, mpaka tukubaliane tumeshakula nusu ya bega la barabara. Na mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri muda wote, kwa sababu waya wake unatokea tairi la mbele kushoto na tairi linazunguka kinyume, yani kwa mujibu wa gari lenyewe sisi tulikuwa tumepaki.

Kwenye lami trafiki. Akanyoosha mkono kisha akaushusha, nadhani hakujua amsimamishe nani. Alipofika dirishani akauliza, "Mzee, unaenda au unarudi?" Mjomba akamjibu, "Mimi naenda. Gari ndo linarudi." Yule kijana akainama akashika magoti, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akatupungia tupite, na hajatuuliza leseni mpaka leo.

Sa huku kumbini, kwenye kambi ya jando, wameshamtoa mwali, suti, miwani meusi, mwavuli, kina mama wameshajipanga. Wakaliona gari kwa mbali, na uso wake umeelekea kule tulikotoka. Shangazi mmoja akapiga ukelele: mjomba anakimbia! Kamkataa mpwa wake! Basi ukoo mzima ukatoka mbio kutukimbilia tusiondoke, na sisi tunakuja namba tatu. Mi naona watu wanaongezeka kwenye kioo, napiga kelele mjomba breki, mjomba anauliza breki yako au yangu. Tulisimama shangazi keshaegemea boneti ya injini, anahema, anatutukana.

Aliyelitambua tatizo ni mzee mmoja aliyewahi kuendesha foksi za wamisheni kule Ndanda. Alizunguka gari mara moja akasema krauni, lile duara kubwa la meno ndani ya difu, mmeigeuza. Akaeleza kwa vidole viwili, pinioni, ile gia ndogo inayoisukuma krauni, inazunguka vilevile siku zote, krauni ukiilaza upande wa pili wa pinioni magurudumu yanazunguka kinyume, unapata nne za nyuma na moja ya mbele, na kwenye Volkswagen hizi inakubali kuingia pande zote mbili bila ubishi wowote. Fundi akasema na yeye alikuwa anaelekea kusema hivyohivyo.

Mwali akapanda, tukarudi nyumbani kinyumenyume, bodaboda zimetuzunguka zinapiga honi. Video ikatumwa. Binamu aliyeko Dar akapiga simu usiku, analalamika kwamba mtu aliyeedit kairudisha nyuma, ila haelewi mbona bodaboda zinakwenda sawa.

Fundi alikuja kuigeuza ile krauni akadai hela ya pili. Mjomba akasema hatoi. Fundi akasema sawa, nairudisha ilivyokuwa. Mke wa mjomba akatoka ndani na hela mkononi, akamlipa fundi, akamwambia na banda la kuku ulijenge kabisa kabla hujaondoka.